Kaya Moja Yenye Milango Hamsini

Barua ya manispaa ilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza tulidhani Msomaji ameruka mstari, mara ya pili tukadhani macho yamemzeekea. Msomaji ndiye anayetuongoza kwenye sala, na barua zote za mtaa hupitia mikononi mwake. Mara ya tatu nikamnyang'anya karatasi, nikapanda juu ya kiti changu cha cherehani na kuisoma kwa sauti ili hata waliosimama nje wasikie. Ilisema hesabu ya wakazi imekamilika, na kwamba mtaa wetu una kaya moja, yenye watu mia mbili thelathini na mmoja, vyoo kumi na tisa, redio thelathini na nne na cherehani sita. Kwa kuwa kaya hiyo inajitosheleza, ombi la zahanati limekataliwa.

Watu waliangua kicheko. Mmoja akauliza baba mwenye nyumba ni nani, amwombe radhi kwa kuchelewa kurudi jana. Mimi sikucheka. Mtaani huitwa Pilipili, na jina hilo sikulipata bure.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, maana mgeni hawezi kulielewa. Sisi ni watu wa dini ndogo. Wazazi wetu walifukuzwa kwao kwa sababu ya sala zao, wakatembea siku kumi na moja, na chombo pekee walichokuwa nacho ni sufuria moja kubwa. Mjini walikuta wenye nyumba wanaouliza dini kabla ya kuuliza jina. Mwisho wakapata vyumba nyuma ya kiwanda cha rangi, mahali ambapo hakuna mwingine aliyepataka kwa sababu ya harufu. Aliyepata chumba akamwita ndugu yake, ndugu akamwita shemeji yake, shemeji akaja na mama mkwe. Na kwa kuwa siku ya mapumziko hatupandi chochote chenye magurudumu, kila mtu alitaka kukaa pale ambapo ataifikia nyumba ya sala kwa miguu. Ndivyo tulivyorundikana. Vichochoro vitatu, milango hamsini, bomba moja la maji. Barabara ya lami inakuja vizuri tu hadi kwenye geti la kiwanda, halafu inaishia hapo.

Siku ya mapumziko hatuwashi moto pia. Chakula cha siku hiyo hupikwa jana yake kabla jua halijazama, na hupikwa jiko moja, la Shangazi, dada wa marehemu baba yangu. Kila nyumba hupeleka ilicho nacho. Aliyepeleka gunia la viazi na ambaye hakupeleka hata chumvi wote hupakuliwa sawasawa, na hakuna ajuaye nani alileta nini isipokuwa Shangazi, na Shangazi hata umtekenye hasemi. Tunajivunia desturi hiyo kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho, ingawa ukweli ni kwamba hatuna vingi.

Sasa karani wa hesabu alikuja siku gani? Siku ya mapumziko. Na nani alimwita siku hiyo? Msomaji mwenyewe, kwa ukarimu wake, alimwandikia kwamba akija siku hiyo atatukuta wote nyumbani. Karani akapita na fomu yake, na swali la kwanza likawa: chakula cha leo kimepikwa jiko la nani? Nyumba ya kwanza ikajibu, la Shangazi. Ya pili, la Shangazi. Ikawa hivyo mpaka nyumba ya hamsini, na njiani kijana wa watu akapakuliwa sahani mbili akala akashukuru. Kwa manispaa, wanaokula kutoka jiko moja ni kaya moja. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyeonewa kwa makusudi. Tulijimaliza wenyewe kwa kusema kweli.

Wengine waliichukulia barua ile kama kichekesho cha wiki. Mimi niliisoma nikamtazama mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mlangoni na tumbo lake la miezi saba. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika asubuhi kweupe. Gari la wagonjwa likafika kwenye geti la kiwanda, dereva akasema vichochoroni haliingii, akageuza akaondoka. Tukambeba juu ya kiti, wanaume wanne kwa zamu, tukavuka reli, na tulipofika hospitali mtoto alikuwa hana uhai. Tangu siku ile mumewe hakuwa mtu wa mzaha tena. Shemeji ni fundi bomba. Kutwa anafunga mabomba na masinki kwenye majumba mapya ng'ambo ya jiji, jioni anarudi kwetu kupanga foleni ya maji na ndoo zake mbili. Huko ng'ambo alikuwa amepata chumba kinachotazamana na hospitali. Kutoka pale hadi nyumba ya sala ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwa hiyo mtu akihamia kule ndiyo ameondoka. Alikuwa ameniambia wazi: zahanati ikija tunabaki, isipokuja, mwisho wa mwezi tunahama. Nilikosa la kumjibu, na mimi kukosa jibu ni habari ya kutangazwa redioni.

Kesho yake asubuhi nilifunga cherehani, nikamchukua Shangazi, tukaenda manispaa. Karani alikuwa yule yule, kijana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Nilimsemesha kwa sauti iliyoifanya ofisi ya jirani ifungue mlango na kuchungulia. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, halafu akasoma upya fomu zake, akajishika kichwa. Alisema kanuni ni kanuni, ila mtaa una haki ya kuhesabiwa upya mara moja, kwa fomu ile ile na siku ile ile ya wiki, la sivyo wakubwa wake hawatalinganisha. Yaani siku ya mapumziko. Akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba mtaa ukifikisha kaya hamsini hupewa chumba cha muda na nesi ndani ya siku thelathini, wakati zahanati yenyewe inajengwa. Zikiwa arobaini na tisa haupewi kitu.

Shangazi alianza kuhesabu milango kwa vidole, midomo ikicheza. Alirudia mara mbili. Akanigeukia, macho yamemtoka, akaninong'oneza kwamba ni hamsini kamili, pamoja na kwa mdogo wangu. Siku thelathini, na mdogo wangu alikuwa amebakiza miezi miwili. Nilitaka kumkumbatia karani wa watu mbele ya bosi wake, Shangazi akanivuta mkono. Tulirudi nyumbani karibu tunakimbia, na Shangazi ana miaka sabini na moja.

Tatizo lilikuwa dogo kulisema na kubwa kulitenda. Ili tuwe kaya hamsini ilibidi, wiki ile moja, kila nyumba ipike kwenye jiko lake. Jioni tulikusanyika kwenye nyumba ya sala nikalieleza kwa haraka zangu, nikidhani watu watapiga makofi. Hakuna aliyepiga. Mwenye duka la viatu alitoa wazo kwamba tupike kwa Shangazi kama kawaida halafu kila mtu aseme amepika kwake. Msomaji alimtazama hadi akakaa chini mwenyewe. Kisha Shangazi akasimama, na yeye mikutanoni huwa hasimami.

"Miaka arobaini na mbili," alisema, "hakuna mtoto wa hapa aliyewahi kujua, siku ya mapumziko, kwamba kwao hakuna kitu. Mnataka ajue wiki hii?"

Mama Pacha, ambaye mumewe alifariki akamwachia watoto watano, alikuwa anatazama sakafu, na sisi wengine tukajitahidi kutomtazama yeye. Niliona aibu. Nilikuwa nimehesabu milango hamsini bila kufikiria kilichomo jikoni nyuma ya kila mlango. Kwa kawaida hapo ningekasirika, maana nikiona aibu hukasirika, lakini badala yake wazo lilinijia na nikalitoa kabla sijalipima. Nikasema, kwani desturi yetu ni kupika pamoja au ni kugawana? Kila nyumba ipeleke kwa Shangazi ilicho nacho, kama siku zote, na Shangazi agawe vikiwa vibichi. Mimi nitashona mifuko hamsini ya kitambaa kimoja, kimo kimoja, na kila mlango upokee wake uliofungwa.

Msomaji alisema haoni kosa. Shangazi akaniuliza kama najua kushona mfuko usiovuja dengu, na hapo ndipo nilipojua amekubali.

Siku tatu zilizofuata sijawahi kuziona mfano wake. Tulichangisha mashuka ya zamani tukayatia yote kwenye pipa moja la rangi ya buluu waliyotupa kiwandani, ili pasiwepo wa kusema hili lilikuwa shuka la nani. Cherehani zote sita zililetwa uwanjani mbele ya nyumba ya sala na zikapigwa kutwa nzima. Mafundi wenzangu ambao mwaka mzima tunanyang'anyana wateja tulikuwa tunapeana uzi. Watu waliokuwa hawana kazi pale walipita kila baada ya dakika kumi kuuliza imefika mingapi, na mimi nikawajibu kwa ukali huku nacheka ndani. Vidole vyetu viligeuka buluu hadi kwenye kucha. Mfuko wa hamsini nilimaliza mimi, nikauinua juu, na uwanja mzima ukapiga kelele kama tumefunga goli.

Siku ya kupika, Shangazi alijifungia jikoni kwake na rundo la vitu vilivyoletwa, akagawa peke yake. Kila mfuko ulitoka na maharage, dengu, viazi, kitunguu kimoja na kipande cha nyama cha ukubwa mmoja. Nakumbuka Mama Pacha alivyoupokea wake, akaupima uzito mkononi, akaangalia wa jirani, kisha akaenda zake kichwa juu.

Halafu ikatokea kioja ambacho hatukukitarajia. Wapo waliokuwa hawajui kupika chakula cha siku ya mapumziko, kwa kuwa maisha yao yote walipikiwa. Maharusi wa kichochoro cha pili waliweka dengu nyingi kuliko maji wakaita watu waje kuzima. Mwenye duka la viatu alikuja mara nne kuuliza kama kitunguu humenywa. Msomaji, mgane asiye na mtoto, alibandika maharage yake saa kumi jioni na kujipongeza kwa kuwahi. Shangazi alikuwa anapita mlango hadi mlango na mwiko wake, akionja, akifoka, na kila alikotoka waliachwa wanacheka. Kwa mdogo wangu jiko lilikuwa limeshafungwa ndani ya mizigo ya kuhama. Shemeji alikata kamba akalitoa, akawasha moto mwenyewe. Alikuwa amekubali kungoja hesabu tu, zaidi ya hapo hakuahidi.

Kabla jua halijazama nilitoka nikasimama katikati ya kichochoro. Moshi ulikuwa unatoka kila mlango. Nilizaliwa pale na sijawahi kuona kitu kama kile. Machozi ya furaha yalinitoka, na moshi ulioniingia machoni ukanipa kisingizio.

Karani alikuja asubuhi ya siku ya mapumziko, kwa miguu. Alikuwa ameiacha pikipiki yake kwenye geti la kiwanda kwa heshima yetu, nikampa alama. Mimi na Shangazi tuliandamana naye. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Msomaji. Chakula cha leo kimepikwa jiko la nani? La kwangu, akajibu Msomaji, na kwa bahati mbaya ukionja utajua. Maharage yalikuwa magumu mpaka yanalia kwenye meno, lakini alikuwa anayala, tena mbele ya shahidi. Nilikuwa nimeanza kucheka pale karani alipogeuza karatasi na kuuliza swali jingine.

"Je, kaya hii itaendelea kuishi hapa kwa miezi sita ijayo?"

Kicheko kilinikauka. Nilimuuliza hilo limetoka wapi. Alisema lilikuwepo tangu mwanzo, ukurasa wa pili, ila ukurasa wa pili hujazwa mara moja kwa kila kaya, na mara ile kaya ilikuwa moja. Shangazi alikumbuka kuwa aliulizwa, na kwamba alijibu ataishi hapa hadi azikwe. Nikauliza tena, nikijua jibu: na anayesema hapana? Karani alisema huyo ni mpita njia, hahesabiwi.

Mlango wa mdogo wangu ulikuwa wa mwisho kabisa, kichochoro cha tatu. Kwa hiyo nilikuwa na milango arobaini na tisa ya kuumia. Kila mlango ulisema la kwangu, kila mlango ukasema ndiyo, na Shangazi alikunja vidole, akakunjua, akaanza upya. Watu walikuwa wanatufuata nyuma, wengi zaidi kila tulipopiga hatua, wanahesabu kwa sauti. Mama Pacha alijibu la kwangu kwa sauti ambayo sikujua anayo. Ishirini. Thelathini na tano. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Shemeji, na nilitunga mengi: kwamba ajibu tu ndiyo, miezi sita nani atakuja kukagua; kwamba watu mia mbili wanamtegemea; kwamba mimi na mdogo wangu hatujawahi kulala mitaa tofauti tangu azaliwe. Arobaini na tisa, walisema nyuma yangu, wote kwa pamoja.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake sufuria ilikuwa chini, imefunikwa na mfuko wake wa buluu. Jiko la nani? La kwetu. Karani akageuza karatasi na kumsomea swali.

Shemeji alitazama watu waliojaa kichochoro, akanitazama mimi, na nikaona jinsi alivyobanwa. Hakuweza kudanganya, wala hakuweza kusahau kile kiti tulichombebea mkewe. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu imevimba, ameinamisha kichwa, na sisi sote tulikuwa tunamsubiri mumewe. Maneno yangu yote niliyotunga yaliniishia. Niliona kwamba nilikuwa tayari kumfanya mtu abaki na hofu yake ili mimi nisibaki na upweke.

"Karani," nilisema, "andika arobaini na tisa. Shemeji, hama na mke wako. Hakuna atakayekulaumu, na akijitokeza nitamalizana naye mimi."

Shangazi alinishika bega, sijui kunipongeza au kunikaba. Karani akashusha kalamu. Hapo ndipo mdogo wangu aliponyanyuka, taratibu, mkono kiunoni, akaja hadi mlangoni akasimama kando ya mumewe.

"Siku zote hizi mmenijadili nyote," alisema. "Mimi hakuna aliyeniuliza." Akamgeukia karani. "Hizo siku thelathini za nesi, ni za kweli?"

Karani alisema ziko kwenye kanuni, na kwamba wakichelewa hata siku moja mtaa una haki ya kwenda kwa mkurugenzi. Akanitazama mimi kwa wasiwasi aliposema hivyo.

"Basi hatuhami," alisema mdogo wangu. Halafu akamshika mumewe mkono. "Kule kuna nesi. Hapa kutakuwa na nesi, na dada yangu. Siku ile kwenye kiti, mume wangu, ni nani alinishika kichwa njia nzima?"

Shemeji alimtazama mkewe. Kisha akamwambia karani aandike ndiyo, na aandike kwa wino, na kwamba siku ya thelathini na moja akiwa hajaona nesi atakuja ofisini na dada mtu.

Karani akaandika. Nilimwona akiandika tano na sifuri.

Siku ya mapumziko mtu mzima haruhusiwi kukimbia, na mimi nina miaka thelathini na sita. Nilikimbia. Nilikimbia kichochoro cha tatu, cha pili, cha kwanza, napiga kila mlango kwa kiganja huku nasema hamsini, hamsini, ingawa nyumba zote zilikuwa tupu na watu wote walikuwa nyuma yangu. Shangazi alinifokea kwa sauti yake yote kwamba namvunjia Mungu siku yake. Halafu kigelegele kikatoka kule kule sauti ya kufoka ilikotoka, kirefu, na wanawake wote wakakidaka. Niliporudi, nahema, mdogo wangu alikuwa ameketi kizingitini anapakua chakula, na alikuwa amenitengea sahani.